Risala ya Watetezi wa Watoto Wadogo kwa Mgeni wa Heshima, Mukuru, Nairobi

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwakilishi wa Wadi yetu katika Bunge la Kaunti ya Nairobi. Wazee wa mtaa. Walimu wa chekechea. Akina mama mnaoendesha vituo vya kulelea watoto. Wahudumu wa afya ya jamii. Wazazi wenzetu, mabibi na mabwana, hamjambo.

Ahsante, Mheshimiwa, kwa kukubali kuja kutukabidhi vyeti vya mafunzo ya utetezi wa watoto wadogo. Kazi tuliyojifunza ni kumhesabu mtoto ambaye hajafika miaka sita, na kuifikisha hesabu hiyo kwenye bajeti ya kaunti wakati bajeti bado inapikwa. Tumeona tukueleze inavyofanywa hatua kwa hatua, ili siku tutakapobisha hodi ofisini mwako ujue tumebeba nini.

Mtetezi huanza kwa kujua mlango wa kubisha. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi serikali ya kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto. Wazazi wengi bado humpelekea mbunge ombi la mwalimu wa PP1, darasa la kwanza la chekechea, ilhali mwalimu wa chekechea ya umma huajiriwa na kaunti. Barua ikipelekwa kusikohusika huzungushwa kwa miezi, na mwaka wa fedha hausubiri barua.

Kisha kuna hesabu, na hapa ndipo kazi nyingi ilipo. Watetezi hutembea wawili wawili, nyumba kwa nyumba, katika eneo dogo lenye mipaka inayojulikana: kutoka barabara fulani hadi mtaro fulani. Huuliza mambo machache tu. Kuna watoto wangapi wasiofika miaka sita? Kila mmoja alizaliwa mwezi gani, mwaka gani? Mchana hushinda wapi: nyumbani, kwenye beibikea (kituo cha kulelea watoto wazazi wakiwa kazini), au chekechea, na chekechea hiyo ni ya umma au ya kibinafsi? Mzazi hulipa kiasi gani kwa siku au kwa muhula? Mwezi wa kuzaliwa una uzito wake, maana PP1 ni ya mtoto wa miaka minne na PP2, darasa la pili la chekechea, ni ya miaka mitano. Ukiandika "miaka minne" bila mwezi, hutajua Januari ijayo ni wangapi watakaohitaji nafasi.

Hesabu huharibika kwa njia tatu. Mtoto mmoja huandikwa mara mbili, nyumbani kwao na tena kituoni. Kwa hiyo nyumba ndiyo msingi, na hesabu ya kituo hubaki ya kulinganishia. Pili, tukitembea saa nne asubuhi, akina mama walioondoka alfajiri kwenda viwandani hawapo, na watoto wao hukosekana daftarini. Saa nzuri ni jioni ya siku ya kazi au Jumapili mchana. Ya tatu ndiyo ngumu zaidi, nayo ni hofu. Mama wa beibikea akiona mtu na daftari hudhani amekuja kumfungia kituo, naye hupunguza idadi. Ndiyo maana kila kituo kwenye orodha yetu kina namba, hakina jina. Jina la mtoto haliandikwi, na picha yake haipigwi bila ruhusa ya mzazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inadai hivyo, na utu unadai hivyo pia.

Ndani ya kituo tunaangalia mambo yanayoonekana. Walezi ni wangapi, na watoto waliopo siku hiyo, si walioandikishwa, ni wangapi? Jiko la makaa liko chumba kimoja na watoto wanaolala? Hili tunaliweka mbele ya yote, kwa kuwa moshi wa makaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, na chumba cha mabati chenye mlango mmoja uliofungwa huijaza haraka. Kuna maji na sabuni karibu na choo? Kibuyu chirizi cha kunawia mikono, cha mtungi wa lita tano, kamba na kijiti cha kukanyagia kinatosha kuanzia, na kinaweza kufungwa siku hiyohiyo. Nani huruhusiwa kumchukua mtoto jioni, na imeandikwa wapi?

Lishe tunawaachia wahudumu wa afya ya jamii, ambao wana utepe wa kupimia mkono. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mkono wake wa juu uko chini ya sentimita 12.5 anahitaji kufuatiliwa. Akiwa chini ya 11.5, apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Kazi ya mtetezi ni kuhakikisha mhudumu huyo anapita kwenye beibikea pia, kwa sababu mchana nyumba anazozitembelea huwa hazina watoto.

Hesabu ikishakamilika, tunahitaji kujua kaunti yenyewe imepanga nini. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia kuomba kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na kuwasilisha ombi hakulipiwi. Malipo yanayoruhusiwa ni gharama ya nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Barua nzuri huuliza jambo moja linalojibika: "Ni walimu wangapi wa chekechea walioajiriwa katika wadi hii kufikia tarehe fulani?" Barua inayoomba "taarifa zote za elimu ya awali" huipa ofisi sababu ya kuchelewa. Mtetezi abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, siku 21 hazina mwanzo.

Mheshimiwa, kalenda unaijua kuliko sisi, ila wazazi walioko hapa wengi wao huisikia leo. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha, unaogawa viwango vya fedha vya kila idara, hufika Bunge la Kaunti kufikia Februari 28. Makadirio yenyewe ya bajeti hufika kufikia Aprili 30. Watu hujaa ukumbini mwezi wa Mei, wakati viwango vya idara vimekwisha kupangwa tangu Februari. Wakati huo sheria inataka atakayeongeza fedha mahali fulani apunguze mahali pengine. Kwa hiyo ombi la Mei lisiloonyesha fedha zitolewe wapi huandikwa na kuwekwa kando. Sisi tutaleta ombi letu Agosti, na kulirudia Januari.

Kuna jambo moja katika makadirio ambalo limewaponza wengi. Darasa hujengwa kwa fungu la maendeleo. Mwalimu hulipwa kwa fungu la matumizi ya kawaida. Ni kurasa mbili tofauti. Jamii ikiomba darasa peke yake, inaweza kukabidhiwa jengo zuri lenye kufuli, kwa kuwa hakuna aliyeomba mshahara, madawati madogo, maji wala vifaa vya kuchezea. Ombi letu litataja kila kimoja na fungu lake. Darasa ni la miezi michache kujengwa, lakini mshahara hurudi kila mwaka, na huo ndio wa kupigania kwanza.

Katika kikao cha maoni ya umma mtu hupewa dakika chache. Tumejizoeza kusema kwa mpangilio mmoja: hesabu, ombi, ukurasa wa bajeti, chanzo cha fedha, kisha kukabidhi maandishi yaleyale kwa karani. Huruma ya mtoto anayelia haina ukurasa. Hesabu yake ina ukurasa.

Mheshimiwa, tuna maombi matatu kwako. Kwanza, utupe siku moja kabla ya mwisho wa Agosti tukuletee hesabu ya wadi, idara ya elimu ya kaunti ikiwepo. Pili, uulize rasmi bungeni ni walimu wangapi wa chekechea wanaokosekana katika wadi hii na lini wataajiriwa, na jibu lisomwe kwenye baraza. Tatu, vituo vya kulelea watoto vipewe muda na maelekezo ya kujirekebisha kabla ya kufungwa, kwa sababu beibikea ikifungwa leo, kesho mtoto hufungiwa chumbani au huachiwa dada yake wa miaka minane, naye hukosa shule.

Mheshimiwa, tunakukabidhi nakala ya risala hii pamoja na fomu yetu ya hesabu. Tutashukuru ukitutajia tarehe ya Agosti kabla ya kuondoka hapa, iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Ahsante, na karibu sana uzungumze nasi.

Ni sisi, washiriki wa mafunzo ya utetezi wa watoto wadogo, Mukuru, Nairobi.