Kitabu cha Nyuzi cha Kichina: Karatasi Ndiyo Inayoamua Umri Wake

Wateja wengi wanaotaka kuagiza kitabu cha nyuzi katika karakana yetu hutuuliza kwanza kwa nini kitu kilichotengenezwa kwa karatasi, gundi ya unga wa ngano na kipande cha kitambaa kisubiriwe kwa wiki kadhaa, tena kwa bei inayozidi ile ya daftari zuri lenye jalada gumu. Ni swali la haki kabisa, na jibu lake kwa sehemu kubwa limo katika karatasi yenyewe.

Kitabu hiki, ambacho kwa Kichina huitwa zhen xian bao, ni kazi ya wanawake wa kusini-magharibi mwa Uchina, hasa Wamiao na Wadong wa jimbo la Guizhou, ambao wamesifika kwa kudarizi mavazi ya sherehe na mbeleko za watoto. Ndani yake huhifadhi nyuzi za hariri, sindano, na michoro ya karatasi iliyokatwa kwa mkasi, ambayo hubandikwa juu ya kitambaa na kufunikwa kwa mishono. Katika eneo la Shidong, jimboni humo, uzi mmoja wa hariri hupasuliwa kuwa nyuzi nyembamba zaidi kabla ya kushonewa, na uzi wa namna hiyo haufai kutupwa katika mfuko wa kawaida, kwa sababu ukishatatizika hautatuliki tena. Unahitaji mahali bapa, pakavu na penye mfuniko, pa kuutenga na rangi nyingine.

Ukikiona kimefungwa, utadhani ni kitabu chembamba tu. Ukifungua jalada, unakuta safu ya vijisanduku bapa vya karatasi, kila kimoja kikiwa kimefungwa kwa ncha nne zilizopishana katikati kama ukili wa mkeka. Ukishika pande mbili zinazokabiliana na kuzivuta taratibu, ncha zile huachiana na kijisanduku hufunuka. Ukiisukuma karatasi irudi ilikotoka, hujifunga yenyewe bila kifungo wala kamba. Vijisanduku hivyo vya juu vimegandishwa juu ya mbawa za sanduku kubwa zaidi lililo chini yake, kwa hiyo ukizitenganisha mbawa, safu ya juu hufunguka nazo na tabaka la pili huonekana. Muundo tunaoutengeneza mara nyingi una vijisanduku 8 juu, masanduku 4 chini yake, kisha 2, na mwisho sanduku 1 pana linaloenea ukubwa wa kitabu kizima. Jumla ni nafasi 15, na zote hulala bapa kitabu kikifungwa.

Sasa fikiria mkunjo mmoja wa kijisanduku cha juu kabisa. Mtu anayedarizi kila siku huufungua na kuufunga mara nyingi, na kila mara nguvu yote huishia pale pale, kwenye pembe ambapo mkunjo wa wima, wa mlalo na wa mshazari hukutana. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, hutengenezwa kwa rojo la mbao ambalo nyuzinyuzi zake ni fupi, nyingi zikiwa na urefu wa kati ya milimita 1 na 3. Isitoshe, mashine huzilaza nyuzinyuzi hizo kuelekea upande mmoja, kwa hiyo ukiikunja karatasi kwa kukata mwelekeo huo, mkunjo hupasuka mapema. Kijisanduku hiki kina mikunjo ya pande zote, na hakuna namna ya kuigeuza karatasi ili mikunjo yote ifuate mwelekeo mmoja.

Ndiyo maana tunatumia karatasi ya gome la ndani la mti wa jamii ya mforsadi, ambayo nyuzinyuzi zake hufikia takriban milimita 10. Guizhou kwenyewe karatasi ya namna hii bado hutengenezwa kwa mikono, na kijiji cha Shiqiao katika wilaya ya Danzhai kinajulikana sana kwa kazi hiyo: gome huchemshwa hadi lilainike, hupondwa, huchanganywa na maji, kisha huchotwa kwa chekeche pana, na kila ukurasa hukaushwa peke yake. Karatasi inayopatikana ni nyembamba na laini, lakini ukijaribu kuichana utaona inavutana kabla ya kukubali. Inakunjika bila kuvunjika, na hiyo ndiyo sifa tunayoilipia sisi, na wewe mteja pia.

Kukunja kwenyewe kunahitaji utulivu. Mikunjo yote huwekwa kwanza karatasi ikiwa bado bapa, kwa kijiti cha mfupa, na kila mstari hukunjwa mbele na nyuma ili ukubali pande zote mbili. Kosa la milimita 1 katika kijisanduku kidogo halionekani, lakini vinane vikipangwa pamoja makosa hujumlika na jalada halifungi sawasawa. Gundi huwekwa kwenye ukingo tu, tena kwa wembamba. Tunapendelea gundi ya ngano kwa sababu haikakamai, na kwa kuwa huyeyuka kwa unyevu kidogo, kijisanduku kikichakaa baada ya miaka tunaweza kukibandua na kuweka kingine bila kuharibu vilivyobaki. Kila tabaka hukaa chini ya uzito mpaka likauke kabisa kabla ya lingine kubandikwa juu yake, na hapa ndipo siku nyingi za kusubiri zinapokwenda. Tukiharakisha, karatasi hujikunyata na kitabu hupinda daima.

Jalada tunalifunika kwa kitambaa cha pamba kilichotiwa nili, kwa kufuata desturi ya Guizhou, ingawa tunakubali pia kitambaa cha mteja mwenyewe mradi kisiwe kizito. Kanga iliyofuliwa mara kadhaa hukaa vizuri sana. Kanga mpya tunaomba ifuliwe kwanza, kwa sababu inaweza kuchuja rangi ikikutana na gundi mbichi.

Kwa wateja wetu wa pwani, unyevu ndio adui mkubwa. Gundi ya ngano ni chakula cha wadudu, kwa hiyo kitabu kisiegemezwe kwenye ukuta wenye unyevunyevu wala kufungiwa katika mfuko wa plastiki. Kiwekwe kwenye rafu yenye hewa, na kifunguliwe mara kwa mara. Usijaze kijisanduku mpaka kivimbe. Mafundi wanaoshona kofia hutuuliza kama vibunda vya uzi vinaingia, na jibu ni hapana: uzi ukunjwe kwanza juu ya kadi bapa.

Unapoagiza, tueleze unachotaka kuhifadhi, urefu wa sindano yako ndefu kuliko zote, na kama unatumia mkono wa kulia au wa kushoto, kwa sababu upande wa kufungulia jalada huamuliwa kabla ya mkunjo wa kwanza na hauwezi kubadilishwa baadaye. Ukihitaji tabaka mbili tu badala ya nne, bei hupungua karibu nusu na muda wa kusubiri pia.