Harambee ya Maonyesho: Kazi Zilizokunjwa Chini ya Vitanda

Ndugu, jamaa na marafiki,

Picha ya mwanamke mwenye mzigo wa kuni mgongoni na mtoto kifuani mmeiona mara nyingi. Inapendeza, inanunulika upesi, na hakuna anayeuliza mbona kabeba vyote peke yake. Sisi akina mama tunaochora na kushona tunaandaa maonyesho ambayo swali hilo halitakwepeka.

Mwaka 1610 Artemisia Gentileschi, binti wa Kiitalia ambaye hajatimiza miaka 18, alimchora Suzana wa kwenye Biblia akichunguliwa na wazee wawili. Wachoraji wengi wanaume walimwonyesha Suzana kama asiyechukia kutazamwa. Wa Artemisia anajipinda, kakunja uso, mikono inawasukuma. Mwaka uliofuata Artemisia mwenyewe akabakwa na mchoraji aliyekuwa akifanya kazi na baba yake. Kesi ilipofika mahakamani 1612, yeye, aliyebakwa, ndiye aliyefungwa kamba vidoleni zikakazwa, ajulikane kama anasema kweli. Vidole vya mchoraji, jamani!

Huko Chile, baada ya jeshi kupindua serikali 1973, wanawake waliopokonywa waume na wana walishona habari zao juu ya magunia kwa vipande vya nguo, vingine vya hao hao waliotoweka. Vitambaa hivyo vikapenyezwa hadi nchi za nje.

Kazi zetu zipo tayari, zimekunjwa chini ya vitanda. Mwenzetu mmoja kashona mlango ambao kitasa kiko upande wa nje tu. Hataki jina lake liandikwe, na halitaandikwa.

Tunachohitaji ni kodi ya ukumbi, fremu, taa na nauli ya kusafirishia kazi. Fedha zote apewe mweka hazina, naye atatoa stakabadhi. Hesabu tutaibandika mlangoni siku ya ufunguzi. Kazi ikinunuliwa, fedha ni za aliyeitengeneza, kikundi hakikati kitu. Ila mchango wenye sharti la kulainisha picha hatupokei. Mmoja ameshatuletea wa namna hiyo, tukamrudishia kwa shukrani.

Usiye na fedha, lete mashuka makuukuu, uzi, au fremu hata kama kioo kimepasuka. Tunatafuta pia wa kutulelea watoto siku ya kutundika. Na akina baba, misumari ni mingi: njooni na nyundo.