Barua ya wazi kwa Waziri: Idi na Kanivali zinafuatana 2028

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya sikukuu za umma,
Port of Spain, Trinidad na Tobago.

Yah: Kalenda ya 2028 na 2029

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia sisi tunaopanga zamu na kukokotoa mishahara. Hatulalamikii wingi wa sikukuu. Ziko 14, na nyingi zilipatikana kwa jasho. Wabatisti wa Kiroho walipigwa marufuku kuabudu mwaka 1917, sheria hiyo ikafutwa 30 Machi 1951, na tarehe hiyo leo nchi nzima inapumzika pamoja nao. Tarehe 30 Mei 1845 meli ya Fatel Razack ilishusha Wahindi wa kwanza waliokuja kwa mkataba, nao wana siku yao. Sikukuu za namna hii hazitusumbui, kwa sababu zimetulia mahali pake. Zinazotusumbua ni zile zinazotembea.

Mwaka 2028 Pasaka ni 16 Aprili. Ukihesabu siku 47 kurudi nyuma, Jumanne ya Kanivali, sherehe yetu ya mitaani ya siku mbili kabla ya Kwaresima, inakuwa 29 Februari na Jumatatu yake 28. Sasa tazama mwezi. Mwezi mpya utazaliwa 25 Februari, asubuhi kwa saa za Trinidad. Jua likizama jioni hiyo, umri wake hautafika hata saa 12, mwembamba mno kuonekana kwa macho. Basi wanaofuata hesabu huenda wakaswali Idi Jumamosi 26, na wanaongoja kuandama wakaswali Jumapili 27. Nairobi na Dar es Salaam wameizoea hali hiyo, hata kalenda za ukutani zinaweka neno kwamba Idi itategemea mwezi. Lakini huko Idi haiangukii mlangoni mwa Kanivali.

Ikiwa Jumamosi, swala ya asubuhi itakuwa siku moja na fainali ya bendi kubwa za mapipa ya chuma, ambayo kwa desturi hupigwa usiku wa Jumamosi ya Kanivali. Hilo ni la polisi na magari, litapangika. Jumapili ndiyo yenye fundo. Sikukuu ikiangukia Jumapili, mapumziko huhamia Jumatatu. Na Jumatatu hiyo, tangu saa 10 alfajiri, watu watakuwa barabarani wamejipaka matope na rangi.

Hapo ndipo ujira unapochanganyika, maana Jumatatu na Jumanne za Kanivali, ajabu ya kisiwa hiki, hazimo katika orodha ya sikukuu za umma. Shule na benki zinafunga, ila kisheria ni siku za kazi. Chukua mhudumu wa duka anayelipwa dola 20.50 za Trinidad kwa saa, kima cha chini kilichoanza Januari 2024. Akifanya kazi saa 8 Jumatatu ya Kanivali ya kawaida, anapata dola 164. Idi ya 2028 ikiwa Jumapili, Jumatatu ileile inakuwa sikukuu, na kwa ujira maradufu anapata 328. Idi ikiwa Jumamosi, Jumatatu anarudi kwenye 164. Duka lilelile, wateja walewale. Tangazo likitoka siku mbili kabla, orodha ya zamu imeshabandikwa ukutani, na mwajiri asiye mwaminifu anapata pa kujificha: atasema hakujua.

Mwaka 2029 hali inakuwa ngumu zaidi. Pasaka ni 1 Aprili, kwa hiyo Kanivali ni 12 na 13 Februari, na Idi inatazamiwa 14 au 15, yaani Jumatano ya Majivu yenyewe au kesho yake. Kwa mwajiri, wiki hiyo itabaki na siku moja tu ya kazi ya uhakika, Ijumaa. Halafu Ijumaa Kuu itakuwa 30 Machi, juu kabisa ya siku ya Wabatisti. Kwa kanuni, sikukuu mbili zikigongana, ya pili husogea siku inayofuata. Tulinufaika nayo 2025, pale sikukuu ya Kikatoliki ya Mwili na Damu ya Kristo ilipoangukia Siku ya Wafanyakazi, 19 Juni, tukapumzika na Ijumaa. Safari hii siku inayofuata ni Jumamosi. Karani wa ofisi hapati kitu, muuza duka anapata ujira maradufu, na Wabatisti wenyewe wanabaki na Jumamosi iliyobanwa kati ya Ijumaa Kuu na Pasaka.

Tunaomba mambo ya karatasi tu. Tarehe ya Idi na ya Divali, sikukuu ya taa ya Wahindu, itangazwe kufikia mwisho wa Juni wa mwaka uliotangulia, pamoja na siku ya akiba ya Idi, na mwajiri afungwe na zote mbili hadi mwezi utakapoamua. Sikukuu iliyogongana isogee kwenye siku ya kazi ya kwanza iliyo wazi; kwa 2029 hiyo ni Jumanne 3 Aprili. Na Jumatatu na Jumanne za Kanivali ziandikwe ujira wake, hata kama hamtaki kuziita sikukuu.

Kalenda za 2028 zitaanza kuchapishwa katikati ya 2027. Tungependa jibu kabla ya hapo.

Tunaomba kuwasilisha.