Waliolia Mchezo Ulipofungwa Wasishangawe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyewashangaa watu wazima wa New York waliolia mchezo wa kuigiza ulipofungwa, akasema kwamba maadamu nyimbo zimerekodiwa, hakuna kilichopotea. Anauzungumzia The Phantom of the Opera, mchezo wa nyimbo ulioanza kuonyeshwa katika ukumbi wa Majestic mwezi Januari 1988 na kufungwa tarehe 16 Aprili 2023, baada ya maonyesho 13,981. Hakuna mchezo mwingine uliowahi kudumu kiasi hicho katika Broadway, yaani kumbi kubwa za maigizo za New York. Mimi naona waliolia walikuwa na haki. Nasema hivyo nikiwa Mikindani, na mchezo wenyewe sikuwahi kuuona, ila kaseti ya nyimbo zake, niliyoachiwa mwaka 1994 na mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza, niliisikiliza mpaka utepe ukakatika.

Kisa chake ni cha mwanamume aliyeharibika uso, anayejificha nyuma ya kinyago na kuishi chini ya jumba la opera la Paris, huku akimfundisha kuimba binti anayempenda. Sisi tuliokulia penye mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, hatuhitaji mkalimani wa kisa hicho. Mchezaji wa lipiko hukivaa kinyago kichwa kizima, njia huiona kupitia mdomo wa kinyago, mwili wake wote umefunikwa nguo, na aliye ndani ni nani si jambo la kuulizwa hadharani. Mwondoe mtu huyo, kitundike kinyago ukutani katika nyumba ya makumbusho, nacho kitabaki kuwa mti uliochongwa kwa ustadi. Kinakuwa lipiko pale tu vinganga, ngoma zinazopigwa, vinapolia na aliye ndani akavijibu kwa miguu. Kaseti yangu ilikuwa kinyago cha ukutani, na nadhani msomaji mwenzangu anautazama mti uliochongwa akidhani ameiona ngoma.

Kilichokuwa hai pale Majestic ni kazi ya watu. Palikuwa na wapigaji muziki 27, mojawapo ya makundi makubwa zaidi Broadway, na baadhi yao walikuwapo tangu mwaka wa kwanza. Mwigizaji mmoja, George Lee Andrews, alipanda jukwaa lile mara 9,382 katika miaka 23. Palikuwa na mafundi wa ile taa kubwa ya kuning'inia, ambayo kila onyesho ilitakiwa ishuke kwa kishindo mwishoni mwa sehemu ya kwanza bila kumdhuru yeyote. Ujuzi wa namna hiyo hauandikwi wote kwenye karatasi. Unakaa katika vidole, masikio na mazoea ya watu waliofanya kazi pamoja kwa miaka mingi, na siku wanapotawanyika nao unatawanyika.

Hili nalijua kwa uchungu wangu mwenyewe. Kwa miaka 11 niliongoza kikundi cha maigizo na ngoma kilichokuwa kikionyesha kila Jumamosi jioni katika ukumbi mmoja hapa mkoani, mpaka wenye ukumbi walipoamua kuugeuza ghala. Jumamosi ya mwisho watu walijaa hadi madirishani, na wengi walinishika mkono wakiniuliza kwa nini hatukuwaambia mapema, ilhali Jumamosi moja kabla ya hapo tulikuwa tumewachezea watu 14. Miaka sita baadaye tulijaribu kukifufua. Mpigaji wetu wa kinganga alikuwa ameshazikwa kwao Nanyamba, wawili walikuwa Dar es Salaam wakiendesha bodaboda, na sisi tuliobaki tulikaa mchana kutwa chini ya mwembe tukishindwa kukumbuka wimbo wa maombolezo ulikuwa ukiingia baada ya maneno ya nani. Mpaka leo hatujakumbuka.

Kwa hiyo sikushangaa niliposoma yaliyotokea New York. Septemba 2022 wenye mchezo walitangaza kwamba ungefungwa Februari iliyofuata, kwa sababu gharama za kuuendesha zilikuwa zimekaribia dola milioni 1 kwa wiki na watalii, waliokuwa wakijaza sehemu kubwa ya viti, hawakuwa wamerejea kwa wingi baada ya korona. Mara tiketi zikaanza kugombewa. Mapato ya wiki yakapita dola milioni 2, kufungwa kukasogezwa mbele hadi Aprili, na mwishoni yakapita milioni 3. Wapo waliowalaumu mashabiki hao kwa kuchelewa, lakini mimi siwezi. Kitu kilichokuwapo kila siku kwa miaka 35 mtu hukiona kama mnara wa mji wake, asifikirie kwamba nacho kinaishi kwa tiketi yake.

London mchezo huo, ulioanza mwaka 1986, bado unaonyeshwa, na huenda hilo ndilo linalompa msomaji mwenzangu utulivu. Lakini ulipofunguliwa tena Julai 2021 baada ya korona, wapigaji wake walikuwa wamepunguzwa kutoka 27 hadi 14, na mashabiki waliouzoea walilalamika. Jina limebaki na nyimbo ni zilezile, ila nusu ya mikono haipo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni moja. Mechi ikichezwa uwanja wa Nangwanda Sijaona au wa Ilulu, gazeti lako hutueleza siku, saa na kiingilio wiki nzima kabla. Vikundi vya maigizo na ngoma vilivyobaki Mtwara, Lindi, Newala na Masasi navyo vina siku, saa na kiingilio, lakini huandikwa vinapopata ufadhili au vinapokufa. Tafadhali vitengee hata robo ya ukurasa kila Ijumaa. Mimi niko tayari kuleta ratiba ya vikundi vya Mikindani na Mtwara mjini kwa mkono wangu kila Jumatano, bila malipo, kuanzia wiki utakayoniambia.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara