Hiyo gh ya Loughborough

Leicester, Jumapili

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa watoto. Barua yako nimeisoma nikicheka peke yangu jikoni, pale mwanao aliposimama mbele ya darasa akasoma "cough" kama "kou". Mwambie asione haya. Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa nilipanda basi nikamtamkia dereva kwa sauti kamili: "Logoboro." Akanitazama. Nikarudia polepole, kana kwamba asiyesikia ni yeye. Mwisho nikamwonyesha kwenye simu. "Aa, Lafbra!" Mji unaandikwa Loughborough, ough mbili ndani ya jina moja, ya kwanza inatoka "af", ya pili ni kijipumzi tu.

Tangu siku hiyo nayakusanya maneno ya Kiingereza yenye ough kwenye daftari. "Tough", kigumu, ni taf. "Cough", kikohozi, ni kof. "Dough", unga uliokandwa, ni dou. "Through", kupitia, ni thruu. "Bough", tawi la mti, ni bau. "Thought", wazo, ni thoot. Nikafika kwenye "slough", gamba analovua nyoka: slaf. Lakini uko mji karibu na London, herufi zilezile, nao ni Slau. Hapo nikafunga daftari nikaenda kukuna nazi.

Kisa chake ndicho kilichonipendeza. Zamani hiyo gh ilitamkwa kweli, kooni, karibu kabisa na kh yetu ya "kheri". Baadaye Waingereza wakaiacha: kwenye maneno mengine ikapotea, kwenye mengine ikageuka f. Midomo ikaenda zake, maandishi yakabaki, maana vitabu vilishaanza kuchapwa (William Caxton alifungua mtambo wake Westminster mwaka 1476) na tahajia ikazidi kuganda. Kwa hiyo wewe Mtanga, unayesema "kheri" na "ghali" bila taabu, koo lako lingewafaa babu zao kuliko la wajukuu wao!

"Hiccough", kwikwi, hata kisa hicho haina. Inatamkwa hikap, na zamani iliandikwa vivyo hivyo. Watu wakaidhania ndugu yake kikohozi, wakaibandika mkia usio wake.

Sisi tulipoazima "plough" hatukujisumbua, tukaandika plau tukaenda shamba. Wamarekani nao wanaandika plow, na "doughnut" wengi wao wameikata ikawa donut.

Mtoto asihangaike kutafuta kanuni. Kila neno alisikie kwanza, alishike kama anavyoshika jina la mgeni. Ukiweza, jioni msomee matano matano, asizidishe.

Ile hiliki uliyoniahidi bado naingoja. Binamu yako akija mwezi ujao mpe, ila umwambie basi la kwangu haliendi Logoboro.

Wasalaam,
Shogayo Zuhura