Barua kwa mwanangu kabla ya safari ya Sur

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nimefurahi kusikia kwamba mtakapokuja Maskati mwezi wa Januari, wewe na wenzako mmekusudia kukodi gari na kuifuata pwani ya Oman hadi mji wa Sur na Ras al-Jinz, ufuko wanakotaga kasa. Mwendo wenyewe si mrefu, kwani kutoka Maskati hadi Sur ni kiasi cha kilomita 200 za barabara nzuri, milima ya mawe matupu ikiwa upande wenu wa kulia na bahari upande wa kushoto. Wasiwasi wangu ni huo wepesi wa barabara, maana wengi huikimbia yote kwa siku moja, wakapiga picha na kurudi wasione kitu. Nakuomba muipe safari hii siku tatu, na siku iliyo bora muiweke kwa ajili ya bonde la Wadi Shab.

Njiani mtapita Hawiyat Najm, shimo kubwa lenye maji ya kijani ambalo wenyeji husimulia kuwa lilichimbwa na nyota iliyoanguka, ingawa kwa hakika ni maji yaliyolila jiwe la chokaa mpaka likaporomoka. Ogeni, kisha mwendelee.

Wadi Shab iko Tiwi. Gari mtaliacha karibu na daraja la barabara kuu, na mashua ndogo itawavusha kwa malipo madogo. Kuanzia hapo ni miguu. Njia hupita kwanza katikati ya mitende na migomba, kando ya falaji inayopeleka maji mashambani, kisha hupanda juu ya miamba ambayo maji yameilainisha hata inateleza, kwa hiyo vaeni viatu vinavyoshika vizuri, wala si ndara. Baada ya kiasi cha dakika 45 njia hukoma kwenye mabwawa, na hapo hakuna budi kuogelea. Mwishoni kuta za jabali hukaribiana mpaka unabaki ufa unaopitisha kichwa tu juu ya maji. Ukishapenya, unajikuta ndani ya pango lenye maporomoko. Asiyejua kuogelea asishawishiwe na mtu yeyote kuingia.

Kuna jambo moja ambalo sitalilegeza. Mkiona wingu juu ya milima, hata kama pwani ni jua kali, msiingie bondeni, na mkiwa ndani tokeni mara moja. Majabali yale hayanywi maji. Mvua iliyonyesha mbali huteremka yote kwa pamoja, na palipokuwa na mchirizi hapavukiki tena. Kimbunga cha Gonu, mwezi wa Juni 2007, kiliionyesha pwani hiyohiyo nguvu ya maji.

Mbele ya Tiwi ni Qalhat, mji wa kale ambao Wareno waliuteketeza mwaka 1508, na ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2018. Lililosimama hasa ni kaburi la Bibi Maryam. Ibn Battuta, yule msafiri wa Kimoroko aliyefika Kilwa mwaka 1331, alikuja huku baadaye, akatembea kwa miguu kutoka upande wa Sur pamoja na mwongozaji aliyetaka kumwibia nguo zake, na akaingia mjini miguu imemvimba ndani ya viatu. Wewe uliyeyaona magofu ya Kilwa utaitazama Qalhat kwa jicho ambalo wageni wengine hawana.

Mkifika Sur, nendeni kwenye karakana za majahazi kabla ya kutafuta hoteli. Majahazi ya Wasuri yaliyokuja Unguja na kaskazi yakiwa na tende, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko, yaliundwa hapo. Tazameni mafundi wanavyotia kalafati, pamba yenye mafuta ikishindiliwa kati ya ubao na ubao, kisha mwende mkaione Fatah al-Khair, jahazi kuukuu lililowekwa nchi kavu ili watu walione.

Usiku wa mwisho ni wa kasa wa Ras al-Jinz. Wekeni nafasi mapema, mfuate amri za walinzi, na msiwashe taa wala simu, kwani kasa akishtuka hurudi baharini bila kutaga.

Kabla hamjapanda mashua pale Shab, nipigie simu, kwa sababu bondeni mawasiliano hukatika, na mkitoka unipigie tena. Mama yako anakusalimu, na anauliza kama wenzako wanakula nguru.

Baba yako