Tulimnunulia mama sweta, kumbe mifupa inaliwa

Mhariri, naomba nafasi maana hili jambo linaniuma sana. Mama yangu alianza kuamka asubuhi vidole vimekakamaa, mikono yote miwili, hawezi kukunja ngumi mpaka saa nne ndio vinalegea kidogo, na sisi nyumbani wote tukasema ni baridi tu hiyo, tukamnunulia sweta, tukamkataza kufua. Miaka mitatu tunamchua mafuta na kumpa diklofenaki za duka la dawa! Pete ya ndoa tuliikata kwa koleo. Siku aliposhindwa kukamua tui akanikabidhi chujio bila kusema neno, ndio nikampeleka hospitali.

Daktari wa viungo akanielewesha kwamba jina ni baridi yabisi lakini ugonjwa hauletwi na baridi. Ni askari wa mwili wenyewe, zile seli nyeupe za damu za kupambana na vijidudu, zinajazana kwenye utando laini wa ndani ya kiungo kana kwamba adui yuko humo. Seli T zinachochea wenzake, seli B zinatengeneza antibodi, yaani protini za kushambulia adui (ndio hizo zinazotafutwa kwenye kipimo cha damu), makrofeji nazo, zile seli nyeupe zinazomeza vijidudu, zinamwaga kemikali inaitwa TNF inayozidi kuwasha moto, basi utando unavimba, unakuwa mnene, unatambaa juu ya gegedu, ule mfupa laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, na kulitafuna. Halafu kilichonitisha zaidi, osteoklasti, yaani seli zinazokula mfupa, zinatokana na ukoo huohuo wa seli nyeupe. Kwenye eksirei ya mama niliona mwenyewe, pembeni ya vifundo pamemeguka kama mkate uliong'atwa na panya.

Sasa diklofenaki inatuliza maumivu na uvimbe lakini haizuii huo ulaji, ndio maana mama alikuwa anasema leo nina nafuu huku mfupa unaendelea kwisha. Dawa ya kuzipunguza kasi seli hizo ipo, metotrekseti, anameza mara moja kwa WIKI na siyo kila siku, kila siku inaweza kuua, na anapimwa damu na ini. Zipo pia sindano za kuzuia TNF, watafiti Feldmann na Maini walianza kuwajaribu wagonjwa London 1992, ila bei yake wengi wetu hatuiwezi. Kwa hiyo kilichobaki ni kuwahi, maana mfupa ukishameguka haurudi ulivyokuwa na uharibifu mwingi unaanza ndani ya miaka miwili ya mwanzo.

Naomba ukurasa wenu wa afya uliandike hili kwa urefu, na ndugu zetu wa maduka ya dawa, mama akija kila wiki kununua vidonge vya maumivu muulizeni kwanza, asubuhi mikono inakakamaa muda gani? Mama yangu ngumi ya kulia sasa anakunja. Kushoto vidole viwili vimeshapinda.

Msomaji wenu, Tanga